Cheti cha Nahodha Hakikufanyi Rubani

Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia: cheti cha nahodha kinakufungulia mlango wa kujifunza urubani wa meli, yaani kuziongoza meli kuingia na kutoka bandarini, basi. Bandari nyingi hukidai, pamoja na kupimwa macho, masikio na kutambua rangi za taa. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo.

Mwanafunzi hupewa karatasi yenye ufuo mtupu. Achore mlango mzima wa bandari kwa kichwa: kila boya na mwako wa taa yake, kina cha kila kona, miamba, digrii za kila njia, mkondo unavyovuta kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Mtaniuliza: skrini ipo, setilaiti ipo, ya nini kukariri? Skrini inakuonyesha meli ilipo. Haikuambii kwamba ukisogelea ukingo, maji yatanyonya tezi, nyuma ya meli, na kuisukuma omo, mbele yake, mbali nao. Ukisubiri kuliona hilo kwenye skrini, meli ya mita 300 imeshakutoka mkononi.

Tena meli ikienda hudidimia! Chukua meli ya mafuta yenye tumbo pana, mwendo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), mfereji mwembamba: hudidimia kama mita 1.6. Ishushe hadi noti 5, ni kama sentimita 40 tu, maana mwendo ukiongezeka maradufu, kudidimia huzidi mara nne. Chini ya mkuku, uti wa chini wa meli, una mita moja ya maji? Kwa noti 10 umegonga, na chati pamoja na jedwali la maji kujaa na kupwa vilikuambia utapita. Hesabu hii iwe kichwani kabla hujaamrisha injini.

Halafu kuna safari chini ya rubani mzoefu, mchana na usiku, maji yakijaa na yakipwa, ukianza na meli fupi. Port Revel, Ufaransa, tangu 1967 watu hufundishwa kwa meli za mfano, moja kwa 25, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 25 ya meli halisi. Huko muda hukimbia mara tano: kosa la dakika tano unaliona kwa dakika moja.

Muda unaniishia. Azimio A.960 la IMO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, la 2003, linataka rubani ahakikiwe upya kila baada ya muda usiozidi miaka 5. Lisomeni.

Na ngazi ya kamba, rubani anayopandia melini: mwisho wa kupanda ni mita 9. Zaidi ya hapo, iunganishwe na ngazi ya ubavuni. Kamba imelika, au kipago, kipandio cha ngazi, kimekaa upande? Usipande. Meli na isubiri nje.