Hofu Inayoogopa Hofu: Mhadhara Kuhusu Mashambulio ya Hofu na Unasihi

Ndugu mwenyekiti, wazazi, walimu na wanafunzi mliohudhuria,

Ninazungumzia mashambulio ya hofu, tatizo ambalo wengi hulipeleka kwanza kwa daktari wa moyo, wengine kwa mganga, na wachache mno kwa mnasihi. Mtu ameketi ndani ya daladala, au yuko usingizini bila ndoto yoyote mbaya, mara moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, pumzi inakata, jasho linamtoka, midomo na ncha za vidole vinakufa ganzi, na wazo moja linamtawala: ninakufa, au ninarukwa na akili. Kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe, ingawa uchovu wake huweza kubaki kwa saa nyingi.

Anayedhani kuwa haya ni maradhi ya vijana wa mjini wa siku hizi akumbuke kwamba mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake waliolalamikia mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, ilhali uchunguzi haukuonyesha kasoro ya moyo iliyotosha kueleza mateso yao. Hata hivyo ni mwaka 1980 tu ndipo mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulipolipa tatizo la hofu ya ghafla nafasi yake lenyewe.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupeleka damu kwa kasi kwenye misuli, na kupumua huongezeka, yote hayo kumwandaa mtu kukimbia au kupigana. Asipofanya lolote kati ya hayo, kupumua kwa kasi humwondolea hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo, naye hupata kizunguzungu na ganzi. Kwa hiyo yule anayelia kwamba hewa haimtoshi, mara nyingi huwa anapumua zaidi ya anavyohitaji.

Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mwaka 1986 namna shambulio linavyojikuza: mtu huhisi mpigo wa moyo, huutafsiri kuwa dalili ya kifo, tafsiri hiyo humtisha, na hofu huongeza mapigo yale yale aliyoyaogopa. Ninaiona hoja hii kuwa na manufaa kuliko zote nitakazozitaja leo, kwa sababu inaonyesha pale ambapo mtu anaweza kusaidiwa.

Shambulio lenyewe hupita. Kinachoharibu maisha ni kulikwepa. Mtu huacha daladala, kisha huacha kwenda Kariakoo, kisha foleni ya benki humshinda, na hata msikitini au kanisani hukaa karibu na mlango tu. Kila anapokwepa hupata nafuu ya haraka, na nafuu hiyo humfundisha kwamba aliponea chupuchupu, kumbe hapakuwa na hatari yoyote. Jamaa humwambia ajikaze au apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi kwenye mchuzi. Sina ugomvi na dua wala maombi, maana wengi hupata utulivu humo, lakini sikubali anayeomba azuiwe kutafuta tiba.

Hatua ya kwanza ni hospitali, kwa kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pumu na hitilafu za mapigo ya moyo huweza kufanana na hofu. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza yasidhaniwe kuwa wasiwasi kabla ya kupimwa. Mgonjwa aeleze pia kama anatumia kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu au miraa.

Vipimo vikiwa salama, unasihi unaotumia tiba ya fikra na tabia ndio wenye ushahidi mzuri zaidi, na huchukua takriban vikao 12. Humo mtu hapati maneno ya faraja peke yake. Hupanda ngazi mbio, huzungushwa kwenye kiti, hupumua kupitia mrija, ili akutane kwa makusudi na hisia anazoziogopa na kuona kwamba hazimuui. Baadaye hurudi hatua kwa hatua katika sehemu alizozikimbia. Mnasihi asiyempa mteja wake kazi yoyote ya kufanya nyumbani nina mashaka naye. Zipo pia dawa, kama sertralini na fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia. Diazepamu hutuliza upesi lakini huleta utegemezi, na haifai kununuliwa dukani kienyeji.

Wanasihi waliosomea ni wachache, na wengi wako mijini. Wa Dar es Salaam aanze na idara ya afya ya akili ya hospitali ya Muhimbili, wa Dodoma yuko karibu na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, na wa kwingine aulize katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri miadi: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.