Pweza wa Mzazi

HATIBU: Tunarekodi? Haya, asalaam aleikum wasikilizaji. Dada Zaina, shikamoo.

ZAINA: Marahaba, baba mtu! Mama na mwana hawajambo?

HATIBU: Wazima, alhamdulillahi. Mtoto ananyonya mpaka jasho linamtoka puani. Ila nyumba nzima inanuka pweza.

ZAINA: Ehee, mama mkwe keshafika.

HATIBU: Katoka Pangani na basi la asubuhi, hata chai hajanywa, anauliza: supu iko wapi? Kwake yeye, mzazi asipokunywa supu ya pweza maziwa hayashuki. Sasa kila jioni niko Ngamiani kwa yule kijana muuza supu. Jana kaniona kwa mbali akaanza kucheka: "Bosi, leo tena? Shemeji ataomba poo!"

ZAINA: (anacheka) Hukumwambia ni ya mzazi?

HATIBU: Nilimwambia. Hakuamini, akaniongezea pilipili.

ZAINA: Ataamini vipi? Tanga hii, mwanamume kabeba supu ya pweza kwenye chupa ya chai, tena magharibi!

HATIBU: Tuyaache hayo. Kilichonifanya nitake tuzungumze leo ni kijiko. Usiku tuliotoka hospitali, joto unalijua lilivyokuwa, mtoto analia, mama mkwe kaja na kijiko cha maji ya uvuguvugu. Ati koo limemkauka. Na mama mkwe humkatalii hivi hivi. Nikamwambia, mama, muuguzi katuagiza miezi sita asionje hata tone la maji, naomba tumsikilize.

ZAINA: Akasemaje?

HATIBU: "Wewe mwenyewe ulipewa maji, mbona u mzima?"

ZAINA: Neno hilo nimeambiwa kwa watoto wangu wote.

HATIBU: Lakini maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Hata kwa joto la Tanga yanamtosha. Na tumbo la mtoto wa siku moja linabeba kama kijiko kimoja cha chai. Ukishamjaza maji, dang'a, yale maziwa ya kwanza, utamwekea wapi? Siku ya kwanza mtoto alikuwa mvivu kushika titi, mke wangu akawa anamkamulia kwenye kijiko, mimi nimeshika taa ya simu. Matone ya njano, mazito, yananata kijikoni kama ute wa yai. Kuna waliokuwa wakiyamwaga hayo, ati machafu. Na mle ndimo kingamwili zilimojaa, ndiyo kinga yake ya mwanzo na kuhara na nimonia.

ZAINA: Hapo tuko pamoja. Dang'a simwachii mtu amwage. Ila pweza usimdharau.

HATIBU: Simdharau, nasema si yeye anayeleta maziwa. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya. Anaponyonya, ubongo wa mama unatoa homoni, na usiku ndiyo inatoka kwa wingi. Ukiiruka zamu ya usiku ukampa maziwa ya kopo, titi nalo linapunguza.

ZAINA: Sawa. Na mzazi anayekesha na njaa, nguvu ya kumweka mtoto titini usiku kucha ataitoa wapi kama si kwenye supu? Tena iwe ya pweza wa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa. Huyo kijana wako, umemuuliza pweza wake kavuliwa lini?

HATIBU: Sijamuuliza.

ZAINA: Basi! Bibi yangu alikuwa akishuka mwambani bamvua maji yakishatoka. Pango la pweza analijua kwa magamba ya kaa na vijiwe vilivyorundikwa mlangoni. Akimtoa, anampiga jiweni mpaka alegee. Nyumbani anampika kwa maji yake mwenyewe, chumvi mwisho kabisa. Alikuwa akisema ukitia chumvi mwanzo anakuwa mgumu.

HATIBU: Mama mkwe anatia mwanzo.

ZAINA: Mwambie!

HATIBU: Nimwambie habari ya chumvi, juu ya ile ya kijiko? Hapana, dada.

ZAINA: Nitampigia mimi. Na pilipili manga anatia?

HATIBU: Anatia, na tangawizi, na ndimu. Lakini dada, tuliandika mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji na hatujagusa hata moja.

ZAINA: Haya, soma.

HATIBU: La kwanza, maziwa ya kopo. Mimi nasema kama hakuna sababu ya kitabibu, kopo lisiingie ndani.

ZAINA: Hapo tutagombana. Jirani yangu kaajiriwa kuuza kwenye duka la mtu. Likizo yake ya uzazi, siku 84, ikiisha anaingia asubuhi na mapema anatoka usiku. Mtoto atakula nini?

HATIBU: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Ayadai.

ZAINA: Kauliza mapema. Kaambiwa wanaoitaka kazi hiyo ni wengi.

HATIBU: Basi akamue. Mikono safi, chombo safi chenye kifuniko, anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe.

ZAINA: Friji hana. Aliyoyakamua alfajiri, kwa joto hili hayafiki adhuhuri.

HATIBU: Na ya kopo ndiyo salama? Unga ule unaweza kuwa na vijidudu. Maji yachemshwe, unga utiwe yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe, kila mlo. Mkaa kila mlo! Na kopo la gramu 400 linaisha kwa siku chache, mama anaanza kupunguza vijiko ili lifike mwisho wa wiki. Mtoto anakunywa maji meupe. Hilo linaniuma, dada.

ZAINA: Mimi linaniuma mama kusimangwa. Wangu wa pili alikunywa kopo, kwa sababu zangu, na sikumwomba mtu ruhusa. Mfundisheni kulichanganya sawasawa, msimfungie mlango.

HATIBU: Sijamsimanga. Lakini ukisema ni chaguo lake, anayefurahi ni mwenye duka. Yule hakuchagua, kachaguliwa.

ZAINA: Na ukisema lisiingie ndani, anayekaa na mtoto mwenye njaa ni yeye, si mwenye duka. Wala si wewe.

HATIBU: Kwa hiyo tunyamaze?

ZAINA: Sijasema tunyamaze. Nasema mtoto ale leo.

(kimya)

HATIBU: Mimi hapo sitoki.

ZAINA: Wala mimi. Na fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili.

HATIBU: Mbili! Bado uji wa baada ya miezi sita, bado akina mama wanaoishi na VVU...

ZAINA: Hatuwahi. Sema la VVU tu, wametuuliza wengi.

HATIBU: Mama anayeishi na VVU, akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, ananyonyesha. Miezi sita maziwa yake matupu, na mtoto apewe dawa za kinga kama kliniki ilivyopanga. Asiache kunyonyesha kabla hajaongea na kliniki.

ZAINA: Uji tutauleta na muuguzi, akipatikana. Waageni.

HATIBU: Huyo jirani yako, nipe namba yake. Tumsindikize kwa afisa kazi.

ZAINA: Watamfukuza, Hatibu.

HATIBU: Tukae naye kwanza, tumsikie yeye mwenyewe.

ZAINA: Hilo sawa. Jumamosi, baada ya kufunga duka. Kwaherini wasikilizaji.