Neno "Band" la Kijerumani: soma artikeli kabla hujafungua mdomo

Hamjambo watazamaji. Leo tuna neno moja tu: Band. Herufi nne, lakini Mjerumani anahesabu humo maneno matatu tofauti.

Hatua ya kwanza, tazama artikeli, yaani kile kineno kinachotangulia nomino: der, die au das. Das Band ni utepe, ukanda, au ule mkanda wa kurekodia sauti. Der Band ni juzuu ya kitabu. Die Band ni bendi ya muziki.

Hatua ya pili, tamka. Das Band na der Band husikika sawa kabisa: "bant". Ndiyo, t, kwa sababu d ikiwa mwisho wa neno Wajerumani huikaza. Haya, sema: bant. Tena.

Die Band sasa: "bent". Chukua bendi yetu, dondosha i, kaza mwisho. Zinafanana kwa sababu sisi na wao tumeipata kwa Waingereza. Yale mawili ya mwanzo ni ya kwao wenyewe, ndugu wa kitenzi binden, kufunga: utepe hufunga, na juzuu ni karatasi zilizojalidiwa pamoja.

Hatua ya tatu ni wingi, na hapa nenda polepole. Das Band huwa Bänder, der Band huwa Bände, die Band huwa Bands. Ile a yenye nukta mbili juu husomwa e, kwa hiyo Bände inatoka "bende". Unasikia mtego? Sikio la Mswahili linakimbilia muziki, kumbe watu wanazungumzia vitabu. Na ukikutana na die Bande, yenye e mwishoni, hilo ni neno jingine tena: genge, kutoka Kifaransa. Liache kwa leo.

Wapenzi wa mpira, das Band pia ni kano ya mwilini. Mtangazaji akisema Kreuzbandriss, mchezaji amechanika kano ya goti, na msimu wake huenda umeishia hapo.

Sasa simamisha video, usome hii kwa sauti:

Die Band hat den Band mit einem Band zugebunden.

Tayari? Bent, bant, bant. Bendi imeifunga juzuu kwa utepe. Den imekuonyesha kuwa ya pili ni der. Ya tatu haikupi msaada, maana einem hutumika kwa der na kwa das. Hapo jiulize tu, kitabu hufungwa kwa kitu gani?