Chumvi Nayo Inaitika
Mhadhara kwa wapiga mbizi, walinzi wa fukwe na vijana wa boti, Bagamoyo

Asanteni, kaeni. Wa nyuma sogeeni, hedifoni hizi sizizungushi mara mbili. Pale mezani naona mmeleta ditekta zenu, mashine za kutafutia metali, na nyingi ni za nchi kavu. Yaani nimechoka kabla sijaanza.

Waliokwisha kunisikia watanisamehe, narudia lile lile: kabla hujauliza bei ya ditekta, uliza maji. Maji gani unakwenda kuingia, baridi au ya chumvi? Muuzaji atakwambia mashine haiingizi maji. Sawa, haiingizi. Na simu yako haiingizi maji. Mbona ukizama nayo baharini haipatikani? Kuvumilia maji ni jambo moja, kufanya kazi ndani yake ni jingine kabisa.

Sikilizeni inavyofanya kazi. Ile sahani ya mviringo, koili, inatoa uga wa sumaku unaogeukageuka. Uga ule ukikuta kitu kinachopitisha umeme, ndani ya kitu hicho unazuka mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao unatoa uga wake mdogo unaorudi kwenye koili. Hapo ndipo unasikia mlio. Kwa hiyo mashine haijui dhahabu wala pete ya mgeni wa hoteli. Inajua kitu kinachopitisha umeme, basi. Na maji ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, yanapitisha umeme. Ya Ziwa Victoria yanapitisha kidogo mno. Bahari inayashinda kwa mamia ya mara. Ukiwa Mwanza maji yananyamaza. Ukiwa hapa, maji yenyewe yanaitika.

Fundi umeme ameshanyanyua mkono, nakuona. Unataka kusema shaba inayashinda maji ya bahari zaidi ya mara milioni kumi, iweje maji yaisumbue mashine inayotafuta shaba? Ni kwa sababu sarafu yako ni ndogo, imelala chini ya mchanga, mbali na koili. Bahari iko juu, chini na ubavuni, imeigusa koili kila upande. Kila tone linaitika kwa sauti hafifu, lakini hebu hesabu matone.

Haya, kisa chenyewe. Jamaa mmoja, simtaji, alinunua ditekta ya nchi kavu ya masafa mamoja, yaani uga wake unageuka kwa kasi ile ile moja tu. Nyumbani akaijaribu: akafukia shilingi mia mbili, ikalia, akafukia pete ya mkewe, ikalia vizuri zaidi. Maji yalipokupwa akashuka ufukweni, moja kwa moja mpaka pale wimbi linapovunjika na kurudi. Mashine ikalia. Akasogea hatua, ikalia. Akasogea tena, ikalia kwa nguvu. Sasa mnajua huku kwetu pakilia hivyo wazo linakwenda wapi: mali ya Mjerumani! Vijana wakaitwa na majembe. Shimo likichimbwa linajaa maji, na kadiri maji yanavyojaa mashine inazidi kulia, na kadiri inavyolia watu wanazidi kuongezeka. Mzee mmoja akatangaza kwamba mali hiyo ina mwenyewe, haitoki bila sadaka. Kuku mweupe akatafutwa. Nilipofika niliwaambia waiinue koili juu ya kichwa, kusiwe na kitu chini yake. Kimya. Waishushe usawa wa kiuno wimbi likiwa limerudi. Kimya. Wangoje wimbi lije. Ikalia. Walikuwa wanachimba bahari. Shimoni kilitoka kizibo kimoja cha soda, na kuku alirudi kwao salama.

Nakaa sana hapa kwa sababu watu wengi hudhani shida iko kilindini. Shida kubwa iko kifundoni mwa mguu! Koili ikizama yote na kubaki imezama, maji yanayoizunguka hayabadiliki sana, na mashine nyingi nzuri zinaweza kuyazoea: unaisawazisha ukiwa umeshazama, inatulia. Lakini penye wimbi, sekunde hii koili iko hewani, sekunde ya pili imefunikwa, ya tatu iko juu ya mchanga unaochuruzika. Kila badiliko mashine inaliona kama kitu kipya. Kwa hiyo ama ubaki kwenye mchanga mkavu, ama uingie mpaka kiunoni. Usicheze katikati. Na ukiisawazisha mashine ya baharini uani kwako, umejidanganya.

Kuna adui wa pili, mchanga mweusi. Ile michirizi myeusi mnayoiona baada ya mvua kubwa ni madini mazito yaliyoletwa na mito. Kwale kule Kenya waliyachimba miaka mingi kwa ajili ya metali ya titani. Ndani yake kuna chembe zinazovutwa na sumaku. Paje na Jambiani mchanga ni mweupe, wa matumbawe, hauna neno. Pwani yetu hii ya mito ndipo pagumu, maana mwitiko wa chumvi na mwitiko wa mchanga mweusi haufanani. Mashine ya masafa mamoja ukiisawazishia chumvi, mchanga mweusi unapiga kelele. Ukiisawazishia mchanga, chumvi inapiga kelele. Haina namna ya kuwanyamazisha wote wawili kwa pamoja. Msiilaumu, haikuundwa kwa kazi hiyo.

Zilizoundwa kwa kazi hiyo ni za aina mbili. Ya kwanza hutumia masafa mengi kwa pamoja. Minelab Excalibur, kwa mfano, hutangazwa kwa masafa 17, kuanzia kilohezi 1.5 hadi 25.5. Inalinganisha majibu ya masafa mbalimbali, kisha inaitoa chumvi kwenye hesabu. Ya pili ni ya mapigo, kama Garrett Sea Hunter. Hii inapiga pigo fupi la umeme kwenye koili, inakata, inangoja kiasi cha mikrosekunde kumi hivi, ndipo inasikiliza. Kungoja huko ndiko werevu wake wote. Mkondo uliozuka ndani ya maji ya chumvi unakufa upesi, kwa kuwa maji hayapitishi umeme vizuri kama metali. Ndani ya pete unakawia. Mashine inapoanza kusikiliza, bahari imeshanyamaza, pete bado inasema.

Lakini kungoja kuna gharama. Mkufu mwembamba wa dhahabu ni vijipete vidogo vidogo. Kila kimoja mkondo wake unakufa upesi, karibu sawa na maji. Ukiongeza muda wa kungoja ili bahari itulie, mkufu umekwenda nao. Mgeni akikuuliza kama utampatia pete yake, mwambie utajaribu. Akisema ni mkufu, usipokee malipo kabla.

Na usiniambie mashine ya mapigo itakuchagulia dhahabu, ikuachie misumari. Haichagui vizuri. Inalia, unachimba, basi.

Ndiyo maana ziwani nabadilisha mashine. Maji baridi hayahitaji ujanja ule, ya masafa mamoja inatosha, tena mara nyingi inasikia vidogo vizuri zaidi. Na chuma ziwani hakiliwi haraka kama baharini. Meli ya Wajerumani Graf von Goetzen walizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, injini wameipaka grisi. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa fikiria ndoano, misumari ya mitumbwi na vibati, vyote bado vizima huko chini. Bila mashine inayotenga chuma utachimba mpaka uzeeke. Chubwi za risasi zitakudanganya hata hivyo, sauti yake inakaribia ya pete. Ziwani vilevile kuna kichocho, kiboko na mamba. Ulizeni wavuvi wa mahali, sio mimi.

Muda unanikimbiza. Kisu chako, mkanda wa uzito wa kuzamia, mtungi: vyote ni metali, viweke mbali na koili. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell mwenyewe aliletwa na chombo chake kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, akaikosa. Inadhaniwa springi za chuma za kitanda zilimvuruga, na madaktari walikuwa wanamwelekeza upande usio wenyewe. Ikiwa Bell alivurugwa na kitanda, wewe na mtungi wako mgongoni je?

Koili iongezewe uzito isielee, mkono utakufa ganzi. Mpira wa kuzuia maji paka grisi ya silikoni, punje moja ya mchanga hapo na mashine imekwisha. Ukitoka baharini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, sio kesho.

Kuhusu mabaki ya meli, hapa sibembelezi. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama Mombasa 1697, na wanaakiolojia waliifukua taratibu kuanzia 1977, kipimo kwa kipimo. Wewe ukichomoa sarafu moja kwa kisu, umefuta habari ya mahali ilipokuwa imelala. Sheria za mambo ya kale zipo, Bara na Zanzibar. Na meli za vita, kama Pegasus ya Waingereza iliyopigwa bandarini Zanzibar Septemba 1914, zinaweza kuwa na makombora ambayo hayajalipuka. Mashine italia vizuri sana juu yake. Usichimbe!

Betri sijagusa, basi. Wenye ditekta za masafa mamoja, kesho maji yakipwa tukutane kwenye mchanga mkavu, nitafukia vizibo na pete moja ya bati. Wa mapigo njooni na nguo za kuingilia majini. Swali la bei nalijibu nje, na jibu inategemea utaniambia maji gani.