Kitimoto ya moshi na sosi ya siki, mtindo wa North Carolina

Shikamooni wazee wangu, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo tuko uani, hapa Greensboro, North Carolina, na huo moshi mnaouona unatoka kwenye bega la nguruwe la kilo 4. Limeingia jikoni saa 11 alfajiri, sasa ni saa 9 alasiri. Nasogeza kamera mlione. Hilo gamba jeusi halijaungua, jamani. Ni viungo vimekaukia pale juu.

Viungo vyenyewe mnavyo huko huko: chumvi vijiko vikubwa 2, sukari yetu ya kahawia viwili, paprika viwili, pilipili manga kimoja, kitunguu saumu cha unga kimoja, na mimi naongeza binzari nyembamba kidogo. Kausha nyama vizuri, ipake kila upande, ilaze kwenye friji usiku kucha ili chumvi iingie ndani.

Sasa moto, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana nyumbani tumezoea kuweka nyama juu ya mkaa moja kwa moja. Bega halitaki hivyo. Mkaa sukuma upande mmoja, nyama iweke upande wa pili, funika. Joto ndani ya jiko libaki kama nyuzi 110 hadi 120. Pipa lililopasuliwa na kuwekewa wavu linatosha kabisa. Juu ya mkaa weka vipande vya kuni kavu. Huku wanatumia hickory na mwaloni. Huko tafuteni mpera au mwembe. Msonobari usiuguse, utomvu wake unaharibu nyama.

Ikifika nyuzi 70 hivi ndani, joto linagoma kupanda, saa mbili, hata tatu. Watu wengi hapo huongeza mkaa, nyama ikakauka. Subiri. Ni maji yanayotoka kwenye nyama yanaipoza, kama jasho linavyotupoza sisi. Itapita yenyewe, ipeleke hadi nyuzi 93 au 95. Huna kipimajoto? Shika mfupa, uzungushe. Ukichomoka mweupe, imeiva. Na kuiva hivi kunaua tegu, jambo ambalo kwa nguruwe wetu wa kufugwa huria si la kupuuzia hata kidogo.

Sosi: siki ya tufaha vikombe 2, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi vijiko vya chai 2, pilipili kavu ya kuponda vijiko vya chai 2. Pasha mpaka sukari iyeyuke, basi. Ni nyepesi kama maji na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu inapenya kwenye nyama na kukata mafuta. Mashariki mwa jimbo hili huchoma nguruwe mzima na sosi yao haina nyanya. Ukija upande wa mji wa Lexington ni bega, na sosi inatiwa nyanya kidogo. Wana tamasha lao la nyama hii mwezi wa Oktoba, lilianza 1984. Mimi niko na watu wa mashariki. Nyanya inafunika ladha ya moshi.

Na mjue hili: enzi za utumwa, waliokesha kwenye mashimo ya moto Kusini mwa Marekani wengi wao walikuwa Waafrika. Ufundi huu una mikono yetu ndani yake. Mimi nikiushika najisikia fahari.

Haya, naichambua. Tazama, uma tu, inaachia nyuzi nyuzi. Huku ndani pana mzunguko wa waridi chini ya gamba, huo ni moshi, si ubichi. Namwagia sosi ingali moto, nachanganya na vipande vya gamba. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba pembeni, na ndizi za kuchoma.

Ndugu zangu Waislamu mnaonifuatilia, viungo hivi na sosi hii vinakwenda vizuri sana na bega la mbuzi, moto ule ule. Wa Moshi, wa Mbeya, mtakaojaribu wikiendi hii, niandikieni mmetumia kuni gani.