Programu Ipi Ipokewe Debian?

Ndugu wasikilizaji,

Mtu akisikia kwamba mkusanyiko wa programu huria wa Debian una makumi ya maelfu ya vifurushi, yaani programu zilizoandaliwa tayari kusakinishwa, hudhani kwamba kila chenye manufaa hupokewa. Sivyo. Kifurushi kipya hukaa kwenye foleni, na wakaguzi hutazama zaidi leseni kuliko ubora wa kazi yake, kwa sababu mradi mmoja huweza kubeba ndani yake misimbo ya watu wengine iliyotolewa kwa masharti mbalimbali, na mwandaaji hutakiwa kuyataja yote katika faili la hakimiliki. Ni kazi ya kuchosha, na wanaoifanya ni watu wa kujitolea.

Kipimo chenyewe, yaani mwongozo wa Debian wa kuamua leseni ipi ni huria, kilipitishwa mwaka 1997, pamoja na Mkataba wa Kijamii wa Debian, ambao ni ahadi za mradi huo kwa watumiaji wake. Wengi hukiona cha kikaidi kinapofika kwenye leseni ya JSON, ambayo inafanana sana na ile ya MIT, leseni huria fupi yenye masharti machache, ila imeongezewa sharti kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Nani atapinga wema? Hata hivyo Debian imeikataa, kwa kuwa mwongozo wake hauruhusu leseni kubagua shughuli ambayo mtu anaitumia programu kuifanya. Naona wamefanya sawa, maana sharti hilo halisemi nani ataamua uovu ni upi, na mwovu mwenyewe hatajisumbua kulisoma.

Lakini leseni safi haitoshi. Mwezi Machi 2024, mtaalamu wa programu Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta ya mbali, kunachelewa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani kwa muda mrefu hadi akakabidhiwa utunzaji wa mradi uliokuwa ukimlemea mtu mmoja. Matoleo hayo yalikwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian, ingawa hayakufika kwenye toleo thabiti.

Kwa hiyo mimi, nikiletewa ombi la kupokea kifurushi, baada ya leseni ningeuliza msimbo unatunzwa na wangapi, na aliyekileta atakihudumia hadi lini. Debian huviita yatima vifurushi vilivyoachwa na watunzaji wao, na orodha ya yatima hao tayari ni ndefu.