Pasi Huanza Shingoni

Wazee wangu, akina mama, vijana wa bodaboda mlioegesha mapema leo, asanteni kwa kuja. Naona jezi za Onduparaka, klabu yetu ya hapa, naona za Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, na pale nyuma chini ya mwembe kuna kundi la Arsenal ambalo halijaacha kubishana tangu nifike. Ubishi huo ndio ulionileta Arua leo, kwa hiyo sitawanyamazisha. Nipeni masikio kidogo, kisha mtaendelea.

Nimeombwa nizungumzie falsafa ya kocha. Neno hili limeingia katika vibanda vya video, na sasa kila mtu analo mdomoni. Agosti 2025, CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipokuwa kwetu, tulifungwa na Algeria 3-0 pale uwanja wa Namboole. Mimi nilikuwa kibandani, nimebanwa kwenye benchi la mbao katikati ya watu sijui wangapi. Mpira ulipokwisha, kibanda kizima kilikuwa na wazo moja: pasi za nini, wapige mbele! Siku nne baadaye tukaichapa Guinea 3-0. Kibanda kilekile, benchi lilelile, na mzee yuleyule aliyetaka wabutue ndiye aliyesimama akapiga kifua: "Mnaona sasa? Mpira ndio huu, pasi, pasi, pasi!"

Siku nne, ndugu zangu. Hakuna kocha anayeweza kuigeuza timu kwa siku nne. Kilichogeuka ni matokeo, na sisi tumezoea kuyaita matokeo falsafa. Tukishinda, kocha ana falsafa. Tukifungwa, kocha hana kitu kichwani. Nimechoka na ubishi wa namna hii, nasema wazi, kwa sababu unatupotezea miaka na unawapotezea watoto wetu miguu yao.

Neno langu ni moja, na wale mlionisikia shuleni, msikitini na hata matangani mnalijua: pasi haianzi mguuni kwa anayeipiga. Inaanza shingoni kwa anayeipokea.

Niwape habari ya kijana mmoja. Jina lake naliacha, ana mke na watoto sasa. Alikuwa kiungo wangu katika timu ya vijana. Mguu wake wa kushoto ulikuwa laini, ungempa mpira akiwa peke yake ungesema huyu anakwenda mbali. Lakini siku ya mechi, kila akipokea katikati ya uwanja anapokonywa. Anapokea, anageuka, adui yuko tumboni kwake. Mashabiki wakampa jina, wakamwita Mwaga Maziwa. Wakawa wanaimba jina hilo mechi nzima. Baba yake akaacha kuja uwanjani.

Mimi nami nilikuwa namfokea kama wengine. Piga pasi haraka! Tuliza mpira! Mpaka Jumamosi moja nikachukua daftari, nikakaa kando ya mstari, nikaamua sitautazama mpira hata kidogo. Nitatazama kichwa cha yule kijana tu. Kila akigeuza shingo kuangalia nyuma yake kabla mpira haujamfikia, naweka alama. Kipindi cha kwanza kikaisha. Daftari langu lilikuwa na alama mbili. Na mara hizo mbili, mpira haukupotea.

Usiku ule sikulala vizuri, nawaambia kweli. Miezi mingapi nilikuwa namfokea mtoto juu ya miguu yake, na tatizo liko shingoni!

Jumatatu tukaanza zoezi. Mwenzake anasimama mbele yake na mpira. Mimi nasimama nyuma yake, hatua kumi hivi. Mwenzake akipiga pasi, mimi nainua vidole, vitatu, viwili, vinne, na yeye lazima ataje idadi kwa sauti kabla mpira haujamgusa. Wiki ya kwanza ilikuwa msiba. Anataja baada ya kupokea, yaani amechelewa. Au anageuka kunitazama, mpira unapita katikati ya miguu. Akaja kwangu macho yamemjaa machozi: "Mwalimu, nikikuangalia wewe, mpira unanipita."

Nikamjibu kwa ujuzi wangu wote wa kozi za ukocha. Nikamwambia, mwanangu, mpira ukishaachwa na mguu wa mwenzako, njia yake umeshaijua, hauwezi kubadilika. Anayebadilika ni adui. Kwa hiyo mtazame adui.

Akanitazama, akasema kwa heshima: "Hapa kwetu mpira unabadilika, Mwalimu."

Nikageuka nikauangalia ule uwanja kana kwamba nimeuona siku hiyo. Udongo mwekundu. Nyayo za ng'ombe zilizokauka baada ya mvua. Mawe kwenye ile kona ya upande wa barabara. Pasi inatoka chini, inakutana na unyayo wa ng'ombe, inaruka mpaka gotini. Mtoto aliyecheza hapo tangu ana miaka sita amejifunza jambo moja kwa usahihi kabisa: usiuache mpira kwa macho hata nukta moja, utakuaibisha. Ni mwerevu. Amesoma kile ambacho ardhi imemfundisha. Na shingo yake imekufa.

Hili ndilo wengi hawalioni. Tunapolalamika juu ya viwanja vibovu tunafikiri hasara ni pasi kupotea njia. Hasara kubwa ni macho. Kiwanja kibovu kinafunga macho ya mtoto mguuni pake, na macho yakishafungwa miaka kumi, hata ukimpeleka kwenye zulia la Ulaya ataendelea kutazama mguu.

Tukamhamishia kwenye uwanja wa netiboli wa shule moja, wenye sakafu ya saruji. Tukapunguza upepo kwenye mpira ili usiruke. Miezi mitatu, vidole kila jioni. Aliporudi kwenye mechi alikuwa anagusa mara moja, mpira umekwenda. Mashabiki walewale wakasema, "Siku hizi amepata akili." Akili alikuwa nayo tangu zamani. Alichopata ni habari mapema. Mechi ya nne baada ya hapo nilimwona baba yake amesimama karibu na goli la upande wa sokoni, peke yake, hakumsemesha mtu.

Mtasema haya ni mambo ya Mwalimu na daftari lake. Basi mjue kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi hiyohiyo kwa kamera, anatazama vichwa vya wachezaji badala ya mpira. Alipochunguza viungo na washambuliaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, waliokuwa wakitazama pembeni na nyuma mara nyingi zaidi kabla ya kupokea ndio ambao pasi zao zilifika zaidi kwa wenzao. Frank Lampard, kiungo wa Chelsea, alikuwa miongoni mwa vinara. Sisi tulikuwa tunashangilia mashuti ya Lampard. Shingo yake nani aliitazama?

Sasa namwona pale ndugu yangu wa Chelsea anainua mkono. Ngoja, swali lako nalijua, nimelisikia kuanzia Koboko mpaka Busia: mabao mengi hutokana na pasi tatu au pungufu, kwa hiyo pasi nyingi ni upuuzi. Hesabu hiyo ina mwenyewe. Ni Mwingereza, Charles Reep, aliyeanza kuhesabu pasi kwa penseli mwaka 1950 katika mechi ya Swindon Town, na mwaka 1968 akachapisha hesabu zake pamoja na mwenzake. Akasema karibu mabao 8 kati ya 10 yanatokana na pasi tatu au pungufu. Ni kweli. Uingereza wakajenga juu yake mpira wao wa kubutua. Lakini soma ukurasa uleule: mashambulizi yenyewe, zaidi ya 9 kati ya 10, yalikuwa ya pasi tatu au pungufu! Maana yake nini? Ukipeleka sokoni magunia tisa ya mihogo na gunia moja la ufuta, halafu mihogo ikakuletea shilingi nane na ufuta shilingi mbili, mwenye faida ni nani? Gunia moja la ufuta limekupa shilingi mbili, na la mihogo halikufikisha hata moja. Minyororo ya pasi nyingi ilikuwa michache, lakini kila mmoja ulizaa zaidi. Hesabu za Reep zilimpinga Reep mwenyewe, na watu wakabutua miaka thelathini.

Msinielewe vibaya hapa, ninyi wa upande wa pili mnaopiga makofi. Hispania, Kombe la Dunia mwaka 2022 kule Qatar, walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco, dakika 120, bila bao. Penalti zikawatoa. Mwaka 2018 dhidi ya Urusi ilikuwa karibu vilevile, zaidi ya 1,000, sare 1-1, wakatolewa kwa penalti. Pasi ya kwenda kwa mtu aliyesimama, anayejua kitu kimoja tu, kukurudishia, hiyo ni kupitisha muda. Morocco walikuwa wanaona kila kitu kinakuja. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Mwalimu, wewe ni wa pasi fupi au pasi ndefu?" huwa nakasirika. Mimi ni wa yule anayejua nani yuko nyuma yake. Akijua, pasi ya mita arobaini ni nzuri. Asipojua, hata ya mita tatu ni hatari.

Na Brazil? Naam, najua mtasema Brazil watoto wanacheza popote, mbona wanatoka kina Ronaldinho na Neymar. Wale wawili wamekulia kwenye futsal, mpira wa ukumbini. Sakafu tambarare, ngumu, mpira mdogo usioruka. Macho yako huru. Hiyo futsal ndiyo ule uwanja wetu wa netiboli!

Tuje nyumbani. Kocha Mike Mutebi alipokuwa KCCA, klabu ya Kampala, mashabiki wa Kampala nusura wapigane. Kipa anaanza kwa pasi fupi, watoto wanaingizwa kikosini, wakipoteza mpira karibu na goli jukwaa zima linashika vichwa. Alitwaa ligi 2016, 2017 na 2019. Mwaka 2018 KCCA ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Al Ahly, hao wakubwa wa Cairo, walipokuja kwetu wakafungwa 2-0. Watu wakaandika falsafa, falsafa. Sawa, heshima yake namvulia kofia. Lakini mlitazama chini? Lugogo, uwanja wao wa nyumbani, walikuwa na nyasi bandia. Mpira unaviringika pale ulipoelekezwa. Kijana wao Allan Okello alikomaa hapo, na ukimtazama Okello akisubiri mpira, tazama kichwa chake, acha mguu. Mkimtaka kocha wa kwetu acheze kama Mutebi kwenye mashimo yetu, mnamdai mtu ufuta kwenye mwamba.

Wazee wa 1978 wasinikasirikie. Najua mlifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Accra, mkafungwa na Ghana 2-0, na Philip Omondi alikuwa mmoja wa wafungaji bora wa mashindano. Najua pia ilituchukua miaka 39 kurudi kwenye mashindano hayo, Gabon 2017, na kule tulikaba vizuri tukafunga bao moja katika mechi tatu. Hilo nilitaka kulichambua, ila muda.

Naambiwa zimebaki dakika tano. Basi haraka. Tangu 2019 sheria inaruhusu mkwaju wa goli upokelewe ndani ya eneo la hatari, kwa hiyo kipa naye afanyishwe zoezi la vidole, asiachwe kando na mipira yake ya mikono. Wasichana: wanaanza kuchelewa kwa sababu yetu, si kwa sababu yao, na wale niliowafundisha wamejifunza shingo upesi kuliko wavulana. Nilitaka niseme mengi hapo, nitarudi siku nyingine.

La mwisho ni sisi tunaosimama kando ya mstari. Mtoto anapokea mpira, watu mia mbili wanapiga kelele, "Piga! Piga! Nyuma yako!" Anafanya nini? Anainamisha kichwa. Anaogopa. Macho yanarudi mguuni, palepale ardhi ilipoyafunga. Sauti yetu inafanya kazi ya ule unyayo wa ng'ombe. Kwa hiyo nawaomba, wiki hii, mechi moja tu: mtoto akipokea, nyamazeni. Mtazameni kichwa. Hesabuni. Halafu tukutane tubishane juu ya kocha, mkiwa na kitu cha kubishania.

Na Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitakuwa pale uwanjani. Nina majembe manne na toroli moja. Jirani yangu ametoa safari mbili za udongo wa kichuguu, ukishindiliwa na maji hausumbui. Tunaanza na ile kona ya mawe. Mwenye ng'ombe nimeshazungumza naye, amekubali kuwapitisha njia ya chini ya mto, ila anataka tumsaidie kukata miti ya uzio, na hilo ni haki yake.

Haya, ndugu yangu wa Chelsea, simama sasa, uliza.